Ubeleko na Kitenzi cha Kiswidi

Posa ya binti yetu ilikaribia kuvunjika kwa sababu ya kitambaa. Mchumba wake, aliyezaliwa Sweden na wazazi wa Kizanzibari, alikuja nyumbani kwetu Ruwi, hapa Maskati, na shangazi yake. Mahari walileta, na pete, na halua. Ubeleko haukuwemo: kile kitambaa anachopewa mama wa bibi harusi kwa kuwa alimbeba mwanawe mgongoni.

“Kwani huyu nimemuokota sokoni Matrah?” mke wangu aliuliza. “Nimembeleka mie, kwa mgongo huu!”

“Dada, mtoto kakulia kwenye barafu, hajui.”

“Na wewe shangazi mtu, umekulia barafu gani?”

Mke wangu akasema hatoi jibu la posa, wala hataki kitambaa cha kutumwa. Aletewe na mtu anayejua anachokileta.

Nikamchukua kijana kwenda Matrah. Tangu binti yetu aende kusoma Sweden, nimekuwa nikijifunza Kiswidi peke yangu, kitenzi kimoja kimoja. Garini nikamuuliza neno *barn*, mtoto, limetoka wapi. Hakujua. Nikamwambia limetoka kwenye *bära*, kubeba. Mtoto ni aliyebebwa. Wataalamu wanalifuata nyuma maelfu ya miaka, kabla ya maandishi, hadi mzizi mmoja wenye wazao katika Kilatini, Kiajemi na Kisanskriti.

“Na kubeleka, baba?”

“Hilo limefanana tu. Nilitamani liwe ndugu yao, lakini ni la Kibantu, lina ukoo wake.”

Dukani, mwenye duka Mgujarati na kaka yake walikuwa wakishusha robota la kanga. “Bhare,” alisema, akitweta. Zito.

Kijana akanitazama. “Ndilo?”

“Ndilo. Mzizi ule ule, kupitia Kisanskriti.”

Kijana akachagua kanga, akalipa. Maelfu ya miaka nyuma, watu ambao hatutayajua majina yao walitamka kitu wakiwa na mzigo mikononi, na pumzi ile ilikuwa bado haijaisha.

Tuliporudi, kijana alipiga magoti akaweka kanga mapajani mwa mke wangu.

“Mama, kule mtoto huitwa aliyebebwa. Neno hilo nimelisema tangu utotoni, maana yake sikuijua. Ahsante kwa kumbeba.”

Mke wangu akaipapasa ile kanga. “Na wao huko wanabeleka?”

“Hapana, mama. Wanasukuma kwenye kigari.”

“Masikini!” akasema, akacheka, akageukia mlangoni kumwita binti yetu aje.