Omotere Kwenye Feni ya Chai

Mnicheke tu, lakini mimi nimewahi kupaka mboga kwenye feni ya kiwanda, meneja akiniangalia.

Kazi yangu ni kupima vyuma vilivyounganishwa kwa gundi bila kuvibandua. Kifaa changu hutuma sauti ndani ya chuma. Gundi ikishika, sauti inapita. Isiposhika, inarudi upesi.

Basi nikaitwa kiwanda kidogo cha chai huko mbele ya Kebirigo, Nyamira. Feni ya kupulizia majani mabichi ilikuwa imepasuka mabawa, na fundi Duncan alikuwa ameyabandika viraka vya alumini kwa gundi.

"Kemuma, harakisha," mzee Thadeus, meneja, akaniambia. "Majani ya watu yameanza kupata joto hapo, yataharibika."

Nikafungua begi. Jeli yangu yote imemwagika! Na bila kitu cha utelezi kati ya kifaa na chuma, sauti haiingii.

Hapo nikasikia harufu kutoka jikoni. Bosibori, mpishi, alikuwa amechemsha omotere, mrenda wetu ule unaovutika.

"Dada, nigawie maji yake."

"Umekuja kupima ama kula?"

Nikajaribu kwanza kwenye kipande ninachojua ni kizima. Kifaa kikasoma sawa kabisa. Wanaume walicheka hadi wakashika mbavu.

"Kwani feni iko na mimba, ndio uipake hivyo uipige skani?" Duncan akauliza.

Kiraka cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa. Cha tatu, hakijashika.

"Ni mboga yako inakudanganya," Duncan akasema. "Mzee, washa."

Niliogopa, sitaficha. Kiraka kikichomoka feni ikizunguka, kinakata mtu, na hapo karibu kuna akina mama wanatandaza majani. Nikasimama mbele ya swichi.

"Hamuwashi."

Duncan akakasirika, akakivuta kiraka kwa kucha ili anionyeshe kilivyokaza. Kikambakia mkononi.

Chini yake kulikuwa na alama za vidole, zinang'aa mafuta.

Akaitazama mikono yake, kisha akacheka mwenyewe. "Woi. Nilitoka kukamua."

Baridi ya Nyamira tunaijua. Ukishamaliza kukamua ng'ombe, yale mafuta ya kukamulia unajipaka hadi usoni.

Akanawa kwa sabuni, akasugua chuma, akabandika upya. Gundi ilipokauka nikapima tena kwa omotere ileile, na feni ikazunguka kabla majani hayajaharibika.

Saa ya chakula, Bosibori akatuwekea ugali mtupu.

"Na mboga?" Thadeus akauliza.

"Mboga iko kwa feni."

Funzo langu ni dogo. Utelezi ulioniokoa mimi ndio uliomponza Duncan. Kwa hivyo, ndugu yangu, kabla hujagusa kazi ambayo watu watasimama karibu nayo, nawa mikono.