Uji wa Mama Nje ya Mlango

Chuo hakikutaka mengi. Cheti cha kidato cha nne nilikuwa nacho, kimekunjwa hadi kikaota mistari. Barua ya chifu nikapata, ya mchungaji nikapata. Kilichonitoa jasho ni cheti cha tabia njema. Nilikuwa nimetoka kukata ndizi wiki nzima, na utomvu ulikuwa umeniganda vidoleni hivi kwamba alama zake hazikutoka kwenye karatasi. Polisi aliniangalia, akaniuliza kama kweli nina vidole. Nilirudi nyumbani Kanyakine nikasugua mikono kwa majivu kama sufuria, kisha nikaenda tena. Mtu mzima mimi, mama wa watoto walio shule za bweni, ndivyo nilivyoingia kusomea diploma ya huduma za jamii pamoja na wasichana wa umri wa wanangu.

Sharti lililonitisha lilikuwa la atachimenti, yaani mafunzo ya kazini. Miezi mitatu katika kituo utakachopangiwa, mbali na kwenu, na ukikatiza katikati haihesabiki. Unaanza upya mwaka unaofuata, kama nafasi itapatikana. Nilipangiwa Kibugu, kule Embu juu karibu na msitu, kwenye kituo cha mchana cha watu wenye ulemavu.

Na nyumbani nilikuwa na mama.

Mama yangu mzazi alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Ndugu zangu wako Nairobi, kwa hivyo nilimleta kwangu. Mume wangu alimjengea kijumba cha mbao kando ya jikoni, maana kwetu mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Sisi ni watu wa kanisa na mengi ya zamani tumeyaacha, lakini hili la mkwe halijatutoka. Tangu anioe, mume wangu hajawahi kula mbele ya mama yangu. Wakikutana njiani, yeye huingia kwenye shamba la chai la watu akasimama humo mpaka mama apite. Kuingia anapolala ndiyo hata usiseme.

Mimi ndiye niliyemlisha kwa kijiko, nikamwinua, nikamgeuza. Kule hospitali walisema aamke atembee. Mama akasema ataanguka, nami nikamwonea huruma, tukaacha maneno hapo.

Kabla ya kuondoka, jirani mmoja wa kikundi chetu cha akina mama kanisani alikubali kuja asubuhi na jioni kumwosha, kumlisha na kumlaza. Mlo wa mchana ukabaki wa mume wangu.

"Utaweza?" nilimuuliza.

"Wewe enda. Hatakufa njaa."

Huyo ni mtu wa maneno machache, na siku hiyo nilitamani angeongeza hata mawili.

Kibugu kuna baridi ya kung'ata masikio. Msimamizi wangu alikuwa mama Mwembu mwenye macho ya mwalimu wa zamu. Wiki ya kwanza nilimwona mzee mmoja akihangaika na githeri yake ya mahindi na maharagwe, mikono ikitetemeka, nikachukua kijiko nimlishe.

"Madam, weka hiyo kijiko chini," alisema msimamizi.

"Lakini anamwaga."

"Wacha amwage. Shati itaoshwa."

Siku hiyo nilimchukia, nasema wazi. Niliona ni mwanamke asiye na huruma aliyepewa kazi ya huruma.

Tulikuwa tumepita nusu ya muda wakati jirani yangu aliponipigia simu. "Huku si kuzuri. Bwana yako anaweka uji hapo nje kwa kigoda, anakohoa, basi. Mama anakunywa uji baridi. Na kuna siku nimepata kuku wameumwaga wote!"

Nikampigia mume wangu. "Mama anakula?"

"Anakula."

"Anakula nini?"

"Uji."

Nilikata simu kwa hasira, nikalia, kisha nikaenda kwa msimamizi kumwambia naacha. Diploma haiwezi kunipa mama mwingine.

Hakunibembeleza. "Ukiacha leo umeanza upya, hiyo unajua. Kesho ni Jumamosi. Enda uone na macho yako, halafu Jumatatu uniambie."

Nilifika Kanyakine mchana bila kumwambia mtu. Niliingia kwa upande wa migomba, na kabla sijatokea uani nikamwona mume wangu akitoka jikoni na kikombe. Alikiweka juu ya kigoda, hatua chache kutoka mlango wa mama. Akakohoa. Kisha akageuka akaupa mlango mgongo, akasimama na kijiti mkononi akifukuza kuku.

Mlango ukafunguka. Ulitokea mkono wa kushoto, ukashika mwimo. Kisha mguu mzuri, na ule mwingine ukaburutwa nyuma yake. Mama yangu, ambaye mimi nilikuwa namgeuza kitandani!

Nilitaka kukimbia nimshike. Lakini mume wangu alikuwa ametazama huku kwenye migomba, na aliniona. Akatikisa kichwa, akainua kiganja: simama hapo. Yeye hakuwa anamwona mama, alikuwa anamsikia tu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba. Mimi nilimwona mama akiyumba, akisimama, akiendelea. Alikifikia kigoda, akajishusha kwenye kizingiti cha jikoni kando yake, akachukua kikombe kwa mkono wa kushoto. Akanywa. Kidogo kikamwagikia leso yake, na hakuna aliyekimbia.

Alipomaliza ndipo aliponiona.

"Mwari, binti yangu, chuo kimefungwa?"

"Hapana, mama."

"Sasa umefuata nini huku?"

Jioni nilimuuliza mume wangu kama alipanga kumtibu hivyo. Aliniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Sasa mimi ningeingia aje huko ndani? Si huyo ni mama mkwe? Siku ya kwanza hakutoka. Nikarudi nikachukua uji nikamwaga, hata mimi sikula. Siku ya pili nikaskia mlango."

Nilimshukuru, naye akaona haya, akaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Jumatatu nilirudi Kibugu. Msimamizi alisikiliza yote, akacheka mpaka akafuta macho, kisha akanituma nikaandae meza. Vijiko niliviweka mezani, kila mtu na chake, nikarudi nyuma. Msimamizi yule namshukuru hadi leo, pamoja na ukali wake.

Siku niliyoleta diploma nyumbani, nilimpa mama akiwa ameketi juani. Aliishika kwa mikono yote miwili, ule wa kulia ukitetemeka. Aliitazama kwa muda mrefu, ingawa kusoma hajui. Kisha akainuka, akaenda polepole mpaka kwenye kigoda, akaiweka pale juu. Akakohoa. Akageuka akakipa kigoda mgongo, ili mkwe wake aje aichukue.