Waonjaji wa Shangazi Nyenje

Kwa miaka mingi Shangazi Nyenje alilipwa kuua wadudu. Alikuwa mfanya usafi wa hoteli, na mende mmoja akijitokeza mbele ya mgeni alimponza kuliko mgeni aliyeondoka na mataulo. Hoteli ilipomwachisha kazi bila hata ahsante, akahamia upande wa adui: akaanza kufuga nyenje wa kuuza.

Alifanya hivyo kwa nidhamu ambayo ofisi nyingi za umma hazijawahi kuionja. Katika banda lake, nyuma ya mkahawa wa dada yake, makasha ya plastiki yalipangwa hadi karibu na dari, kila kasha likiwa na trei za mayai zilizosimamishwa wima ili raia wake wapate vyumba. Maji waliyanyonya kwenye sifongo iliyoloweshwa, maana nyenje akiwekewa bakuli hujitosa na kufa kama mlevi mtaroni. Majike walitaga kwenye mchanga wenye unyevu; madume waliimba kutwa, hawana kazi nyingine. Wafugaji wa kuku na wa samaki walikuja kuwanunua kwa ndoo.

Sheria moja ya banda hilo haikuvunjwa kamwe. Mchicha wowote ulioletwa ulipewa kwanza wakazi wa kasha lililokaa mlangoni, na wengine wakasubiri. Shangazi aliwaita waonjaji, kama wale wa wafalme wanaotangulia kuonja chakula kisije kikawa na sumu, ila hawa hawakuomba nyongeza ya mshahara.

Mchicha wenyewe uliletwa na shemeji yake, mume wa dada, aliyelima bondeni. Majani laini yaliingia sufuriani mkahawani. Mabua na majani magumu yalikwenda kwa nyenje.

Asubuhi moja, saa chache baada ya kuwapa mchicha ulioletwa alfajiri, Shangazi alikuta kasha la mlangoni liko kimya. Waonjaji walikuwa chali, miguu ikitetemeka hewani. Wengine walikuwa wamekwisha kukakamaa. Akalibeba kasha zima, akapita katikati ya madereva wa malori waliokuwa wakigonga meza kwa njaa, akaingia jikoni.

"Dada, usipakue mchicha huo."

"Kisa?"

"Waonjaji wamekufa."

Dada akalitazama kasha, akasonya. "Mdogo wangu, unaniletea maiti jikoni wateja wamekaa? Mdudu kufa nayo ni habari?"

"Mama, kama hao ndio kitoweo," dereva mmoja mnene akadakia, "mimi nipe maharage tu."

Shemeji akaingia kutoka uani, ambako mkokoteni wake ulikuwa na magunia mengine ya kupeleka sokoni.

"Nimepuliza dawa ya kuua wadudu," alisema akicheka. "Imeua wadudu. Sasa kesi iko wapi, shemeji?"

"Umepuliza lini?"

"Jana jioni. Mnataka jani lisilo na tundu, mkiletewa mnanuna."

"Na chupa inasema usubiri muda gani kabla ya kuvuna?"

"Chupa haina watoto wa kusomesha."

Madereva wakaangua kicheko. Shangazi akachemka, na alikuwa na kila haki ya kuchemka. Mtu akikutilia sumu chaini huitwa muuaji. Akikupulizia juu ya jani, huitwa mkulima hodari na kusifiwa kwa mboga zake nzuri!

Akachota mchicha, akajaza sahani, akamsogezea. "Kula, shemeji. Ni jasho lako."

"Nimeshiba."

"Tonge moja tu."

"Mimi nimezoea ule wa nyumbani," akasema shemeji, na papo hapo akaonekana kutamani kuumeza ulimi wake.

Dada akageuka taratibu. Nyumbani kwao, nyuma ya bafu, mumewe alikuwa na tuta dogo la mchicha wenye matundu kama chujio, naye alimkataza kabisa kuuchuma kwa ajili ya wateja. Siku zote alidai kwamba una utamu wake wa pekee.

"Baba watoto," akasema, "lile tuta la nyumbani hulipulizi?"

Shemeji akaanza kukagua vidole vya miguu yake.

Dada hakurudia swali. Aliibeba sufuria kwa matambara, akaimwaga kwenye shimo la taka, akarudi na kutangaza: "Leo wali na maharage! Asiyetaka, mlango ule pale!"

Shemeji alipoona hali ya hewa ya ndoa imechafuka, akakimbilia mkokoteni wake. Sokoni kulikuwa bado na watu wasiofuga nyenje. Akamkuta Shangazi amekwisha kuupanda. Alikuwa ameyafungua magunia yote, ameutandaza mchicha juani, na ameketi katikati yake kama kuku anayeatamia.

"Shuka, shemeji. Watu wananisubiri."

"Ndiyo maana sishuki."

"Nitakuvuta!"

"Vuta. Mwili ninao."

Madereva wakatoka na sahani zao mikononi ili wasipitwe. Shemeji alibembeleza, akataja undugu, akamtaja Mungu, akatishia kwenda polisi, kisha akakumbuka angeulizwa nini huko. Jua nalo lilikuwa kazini. Majani yakalegea, yakajikunja, yakawa ya kijivu. Hata bure yasingepata mtu. Hapo Shangazi akashuka, akakung'uta sketi yake.

"Haya," akasema, "sasa nenda sokoni."