Maziwa ya Kifua

Baba yangu alikuwa mzibuaji wa bomba la moshi katika kiwanda cha kukamua alizeti pale Dodoma. Boila ya kiwanda ilichoma maganda ya alizeti, na masizi yake yalikuwa na mafuta, yakigandamana ndani ya bomba kama ukoko kwenye sufuria. Bomba likiziba, moshi ulirudi ndani na wafanyakazi wakatoka mbio wakibubujikwa na machozi. Kwa hiyo kila Jumapili, boila ikiwa imezimwa na kupoa, baba alijipenyeza bombani na brashi ya waya, kitambaa puani, akakwangua. Sisi wengine tulikuwa kanisani.

Alirudi nyumbani Mkonze akiwa mweusi hadi kwenye kope. Mama alimzuia mlangoni.

"Wewe ni mgeni wa nani? Mume wangu alitoka hapa asubuhi akiwa na sura."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma, kisha tukamvamia, maana mfukoni alikuwa na chupa ya maziwa iliyozibwa kwa gunzi.

Kiwanda kiliwapa maziwa hayo wote waliokwangua masizi. Kila mtu aliamini kwamba maziwa yanaosha kifua, na mama hakuacha kumhimiza anywe.

"Hii ni ya ziada," baba alijibu kila mara. "Yangu nimeshakunywa kulekule."

Basi tukanywa. Mimi kitinda mimba nililamba hata lile gunzi.

Likaja soko huria. Kiwanda kikauzwa, na tajiri mpya akafuta maziwa akisema ni anasa. Bomba hakulifuta. Hata leo nikilisikia neno hilo, anasa, damu hunichemka. Baba aliendelea kukwangua, na kikohozi ambacho tulikuwa tumekizoea kikawa hakimpi nafasi hata ya kumaliza salamu. Alikonda. Mwishowe alilazwa, na hakutoka.

Siku aliyofariki, mwenzake wa kazi alikuja hospitali kutupa pole. Alikaa na mama kwenye benchi la wodi, akalia kuliko sisi.

"Shemeji, nilimsema sana," alisema. "Chupa ilikuwa moja tu kwa kila mtu. Sisi tulikunywa zetu palepale. Yeye sikumwona akinywa hata siku moja."

Nilikumbuka lile gunzi. Daktari kijana aliyekuwa amesimama karibu alituhurumia, akainama mbele ya mama.

"Msijilaumu, mama. Maziwa hayaendi kifuani, yanaenda tumboni. Hata angekunywa yote, yasingemsaidia."

Nilishusha pumzi. Nilitamani kumshika mkono yule daktari nimshukuru. Mama alijifuta uso kwa upindo wa khanga.

"Asante, mwanangu," alisema. "Lakini yeye hakuwa anajua hivyo. Yeye alijua ni dawa, na bado aliwaletea watoto."