Mkono wa Mpaka Piko

Mpaka piko wa mtaa wetu, hapa Chake Chake, hupamba maharusi kwa rangi hiyo nyeusi huku ameuvuta mkono wa baibui mpaka vidoleni, kuficha kovu la moto la utotoni. Mikono ya wenziwe huisifia kidole kwa kidole. Mkono wake mwenyewe huuita kigae. Jana, harusini kwa kina Ruweida, alipandisha mkono wa baibui mpaka kiwikoni mbele ya wanawake wote, akajichora maua kulizunguka kovu, lenyewe akaliacha wazi. Alikuwapo mama yake wa kambo, aliyemchoma. Sote twajua, na bado twamwamkia kwa adabu. Mama huyo akamnong'oneza: "Lifunike hilo, mwanangu. Watu watauliza."

Mpaka piko akaupuliza mkono ukauke, wala hakumtazama. "Na waulize, mama. Si upo hapo? Utawajibu."