Hofu Niliyoruka Nayo Juu ya Ziwa

Siku yangu ya kwanza kuketi kwenye kiti cha rubani, nilitapika kabla injini haijawashwa. Nilikuwa mtoto wa mkulima wa kahawa kutoka Muleba, mmoja wa vijana wachache wa mwanzo kufundishwa kurusha ndege za jeshi letu. Mahali pa juu kabisa nilipowahi kupanda ni paa la kanisa, tulipokuwa tukibadilisha mabati. Mkufunzi wetu, mtu wa cheo cha kapteni, alinipa kitambaa nijifute.

“Ukimaliza, kagua mafuta,” alisema. “Utaogopa kila siku, na kila siku utakagua mafuta.”

Nilipohitimu nikapangiwa Mwanza, kwenye ndege ndogo za uchukuzi. Tulifuata dira na macho yetu. Vita vilipofika Kagera, mkuu wa kikosi alinituma Bukoba kupeleka dawa na kurudi na majeruhi. Aliagiza turuke chini sana, karibu na maji, ili adui asituone. Vijana, ziwa likitulia hujui maji yanaanzia wapi. Mbingu iko juu na mbingu iko chini, na altimeta, ile saa inayoonyesha kimo, inachelewa kukuambia ukweli.

Asubuhi moja, tulipokaribia nchi kavu, niliona bunduki za askari wetu zikitugeukia. Ishara tuliyopatana ilikuwa kutikisa mabawa. Niliyatikisa, nikaendelea kuyatikisa, huku jasho likiniingia machoni. Hawakupiga. Wakati wa kurudi, majeruhi aliyelala nyuma yangu alishika shati langu, akawa anauliza, “Afande, tumefika?” Tulipofika alikuwa bado ameshika, lakini haulizi tena.

Nilipotoka jeshini niliungana na Magesa, mfanyabiashara wa samaki kutoka Mara, tukanunua ndege kuukuu ya injini moja. Tulisafirisha vipuri, madaktari na wagonjwa kati ya visiwa na Mwanza. Biashara ilishika. Magesa alikuwa mtu mwema, ila hakuwahi kumkatalia mteja, kwa kuwa yeye alibaki chini.

Alasiri moja nilimchukua Ukerewe mama mjamzito aliyeshindwa kujifungua, pamoja na muuguzi wake. Katikati ya ziwa nikaona moshi mzito ukipanda kutoka majini. Haukuwa moshi. Walikuwa nzi wa ziwani, wale wadogo wanaoibuka kwa makundi yasiyohesabika. Nilijaribu kuwakwepa, nikachelewa. Kioo cha mbele kikawa cheusi, nzi wakaziba chujio la hewa, na injini ikaanza kukohoa.

“Kapteni, kuna nini?” muuguzi aliuliza.

“Mfunge mkanda vizuri.”

Kulikuwa na kishikio cha hewa ya akiba, inayoingia kwenye injini bila kupita kwenye chujio. Nilikipapasa, nikakikosa. Nilipokipata, injini ilirudi, lakini nusu tu. Tulikuwa tunashuka. Nilitazama kupitia dirisha la pembeni, nikaona mawe makubwa ya Mwanza yakija upande wetu. Yule mama hakulia. Alikuwa ananitazama mimi, na hilo lilinitisha kuliko mawe. Nikaielekeza ndege upande upande, nikichungulia dirisha hilo, hadi magurudumu yakagusa njia ya kurukia.

Mama akakimbizwa hospitali, akajifungua salama. Mimi nilibaki kwenye kiti. Vidole vyangu vilikataa kuachia usukani, ikabidi fundi avikunjue kimoja kimoja. Magesa akaja akasema kuna mzigo wa Sengerema unaosubiri.

“Leo siruki,” nikamwambia.

“Na kesho?”

Nikamkabidhi funguo za ndege. Hatimaye tuliiuza ile ndege. Yeye akarudi kwenye samaki, mimi nikafungua duka la vipuri vya magari Igoma, nikalisimamia mpaka magoti yaliponitaka nipumzike.

Sasa nakaa Kiseke. Ndege ikipita juu ya nyumba, naacha kuongea niisikilize injini mpaka ipotee. Vijana wa mtaani hunisalimu, “Shikamoo Kapteni,” wakaniuliza kama niliwahi kuogopa. Huwaambia sikumbuki siku ambayo sikuogopa, nao hudhani natania. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam hunisihi niende kumtembelea kwa ndege. Namjibu napenda kuitazama nchi kupitia dirisha la basi. Mama yake huniacha niseme hivyo. Kisha huenda stendi, hukata tiketi mbili, na safari nzima hanitajii ndege.