Mlango Ulionibana Mkono

Asubuhi nilimdanganya baba mkwe, aliyetutembelea mtaani kwetu Bakoba kutoka kijijini Kimwani, kwamba mlango umenibana mkono. Aliendelea kutafuna buni zake za kahawa.

Mume wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, msuluhishi wa ndoa za watu. Ningemshtaki kwa nani? Mchana alitupeleka mimi na baba yake sinema mjini, kwa sababu filamu iliyoonyeshwa ilikuwa imeshinda tuzo Ulaya na yeye hakupenda kupitwa.

Katika filamu tulizozoea, mwanamume akiinua mkono tulionyeshwa dirisha na mvua. Hii haikutuonyesha mvua. Ilituacha palepale jikoni, bila muziki, mwanamke akipigwa mpaka kiti kikaanguka.

“Twende. Upuuzi wa Wazungu huu,” mume wangu alininong'oneza, akanivuta mkono uleule. Nikang'ang'ania kiti. Siendi!

Baba mkwe hakugeuka. Aliuliza huku akitazama mbele, kwa sauti ya kuitana shambani, kila mtu akasikia:

“Mwanangu, mlango uliokubana ni upi?”

Nikainua mkono wenye bandeji, nikamnyooshea mwanawe kidole.